Mwoka Mikate Anayesikia Moto kwa Mkono wa Mkewe

Saa kumi alfajiri, mwanamke mmoja anakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko, anasogea mbele ya mdomo wa tanuri na kuamkia.

"Shikamoo."

Hakuna anayeitikia. Kuni zimeshakuwa makaa, makaa yamesukumwa pembeni, na sakafu ya matofali imepanguswa kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti mrefu. Mwanamke anaingiza mkono wa kushoto, kiganja kikiangalia chini, na kuendelea kuzungumza kana kwamba amesimama mlangoni kwa jirani.

"Umeamkaje? Sala..."

Hamalizi. Mkono unachomoka wenyewe, anaubana kwapani na kuuma mdomo wa chini.

Nyuma yake, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ameketi mumewe. Yeye halitazami tanuri hata kidogo. Macho yake yako usoni kwa mkewe, na hayapepesi.

"Bado kali," anasema. "Msipange mikate kwanza."

Wakandaji wanasubiri, mikono imejaa unga. Baada ya muda mwanamke anaingiza mkono tena. Safari hii anaamkia, anauliza wameamkaje, anawaulizia watu wa nyumbani, na anapofika kwa watoto ndipo mkono unapotoka. Mumewe anaangalia mdomo wake, anaangalia kunyanzi lililojitokeza katikati ya nyusi, kisha anatikisa kichwa kukubali.

"Ingizeni."

Mwanamume huyu ndiye fundi wa tanuri. Ana miaka hamsini na minane, na hapa kiwandani wanamwita Mzee Joto. Kwa miaka thelathini na mmoja, kazi ya kuamua mkate uingie lini ilikuwa ya mkono wake wa kulia. Leo mkono huo umefungwa bendeji na umelazwa mapajani. Hausikii moto. Hausikii hata bendeji.

Salamu zile si mzaha, ingawa mgeni akizisikia mara ya kwanza lazima acheke. Ndiyo saa ya hapa. Mzee Joto alizirithi kwa fundi aliyemfundisha, na fundi huyo naye alizikuta. Mkono ukikimbia kabla hujamaliza kuuliza wameamkaje, tanuri litababua mkate nje na kuuacha mbichi ndani. Ukitoka kwenye watoto, mambo ni sawa. Ukifika mpaka kuwaulizia wakwe, ongeza kuni, kwa maana hapo unazungumza na ukuta tu.

"Tunaamkia kwa sababu limetuzidi umri," anasema Mzee Joto. "Halafu mtu akihesabu moja, mbili, tatu, akiumia anaharakisha. Salamu hazina haraka. Umefundishwa tangu mtoto kwamba salamu haikatizwi."

Mwandishi wa gazeti, aliyefika kuwatembelea, anauliza kwa nini wasitumie kipimajoto. Wakandaji wanaangua kicheko. Kilishanunuliwa kimoja, wanasema, kikawa kinapima hewa ya mlangoni huku matofali ya nyuma yana habari zao nyingine. Siku moja kioo kikapasuka na hakuna aliyekisikitikia. Kurusha unga wanarusha, waone unavyogeuka rangi, lakini unga hueleza ya sakafuni tu. Ya darini haujui.

Kwa hiyo umebaki mkono. Na mkono wa Mzee Joto ulianza kufa bila kumuaga yeyote.

Ulianza na miguu. Jioni moja alifika nyumbani amevaa ndala moja. Mkewe akamuuliza nyingine iko wapi. Akatazama chini na kuona mguu mtupu, una vumbi na mchubuko kidoleni. Ilikuwa imemvuka njiani, mahali asipopajua, naye akaendelea kutembea kama mtu aliyevaa viatu.

"Tulicheka sana," anasema mkewe. "Nikamwambia, baba watoto, umeanza kuzeeka, kesho utasahau na suruali. Tulicheka, ndugu yangu. Sasa nikikumbuka kile kicheko najisikia vibaya."

Miezi ikapita, ganzi ikapanda vidoleni mwa mikono. Hapo ndipo Mzee Joto alipofanya kosa ambalo labda ni fundi wa tanuri peke yake angelifanya. Aliona salamu zake zinarefuka. Mkono uliokuwa ukitoka kwenye watoto ukawa unafika kwa shangazi, kisha kwa majirani, na yeye akaamini kwamba ameiva. Aliona amefikia daraja ambalo mafundi wa zamani walikuwa wakilisimulia, la mtu ambaye moto umemzoea.

"Nilijisifu," anasema, na hatafuti neno la kujifunika. "Niliwaita waje waone. Walipiga makofi. Nikasema ngozi imekomaa, nyinyi bado watoto wachanga."

Mkandaji mkuu, jamaa mnene mwenye maneno mengi na vicheko vifupi, alikuwepo siku ya mwisho ya majigambo hayo. Anaisimulia huku akiendelea kukata donge na kuliviringisha, bila kuinua macho.

"Aliingiza mkono, akaamkia. Akauliza watoto, akauliza wakwe. Akauliza mpaka mbuzi wa wakwe. Akageuka na mkono ukiwa bado ndani, akatuambia tanuri limepoa, leteni kuni. Mimi nikasikia harufu. Nikasema jamani, nani ameleta nyama leo?"

Anaweka kisu chini.

"Hakuna aliyeleta nyama."

Walimvuta kwa mkanda wa suruali. Kiganja kilikuwa kimelalia tofali muda wote ule. Yeye alikuwa anawauliza wanamvutia nini. Alipouona mkono wake, wanasema, aliutazama kama mtu anayeonyeshwa mzigo wa mwenzake.

Katika kliniki ya kisukari anakotibiwa, muuguzi anayemhudumia ni mwanamke wa makamo asiyependa kupamba maneno. Kwa ruhusa ya mgonjwa wake, alikubali kueleza kilichotokea.

"Watu wanadhani mkono ndio unaoumia," anasema. "Mkono haujui kuumia. Unapeleka taarifa tu. Mishipa ya fahamu inaibeba taarifa hiyo mpaka kwenye uti wa mgongo, na pale pale kwenye uti amri inarudi: toa mkono. Ubongo haujaulizwa bado. Unakuja kupata habari baadaye kidogo, wakati mkono umeshatoka, ndipo unaposema aah, nimeungua."

Ndiyo sababu, anaeleza, mtu huruka kwanza na kupiga kelele baadaye. Ubongo una uwezo wa kuizuia amri hiyo kwa kiasi fulani, kama umejiandaa. Mama aliyeshika sufuria ya moto mtoto akiwa miguuni haiachii, hata vidole viungue. Mafundi wa tanuri wanafanya hivyo hivyo kila alfajiri: uti unasema toa, ubongo unasema ngoja, na salamu zinapimwa katikati ya ugomvi huo.

"Kwa huyu mzee hakuna ugomvi," anasema muuguzi. "Sukari imekaa juu miaka mingi bila yeye kujua, imeila mishipa kuanzia nchani. Ngozi ipo, misuli ipo, ubongo mzima kabisa. Taarifa ndiyo haifiki. Uti haujui, ubongo haujui. Mkono unaungua na mwenyewe anawaza kuni."

Alimpima kwa uzi mgumu wa nailoni. Alimwambia afumbe macho na kusema "ndiyo" kila atakapoguswa. Mzee Joto alisema ndiyo mara nyingi, kwa sauti ya kujiamini. Nyingi kati ya hizo muuguzi alikuwa hajamgusa popote.

"Hakuwa anadanganya," anasema. "Ubongo ukikosa habari hauvumilii ukimya. Unabuni."

Na kubuni kwenyewe kuna ukatili wake. Mzee Joto, ambaye mchana angeweza kuliweka kaa kiganjani na kuendelea na hadithi, akilala mkono unamuunguza. Vidole vinawaka, nyayo zinachomwa sindano. Hulala mkono ukiwa ndani ya beseni la maji kando ya kitanda, maji ambayo hata ubaridi wake hausikii.

"Kwenye moto sisikii moto," anasema. "Kitandani, pasipo na moto, naungua. Nimwambie nani anielewe? Mwanzoni hata mama watoto alidhani nadeka."

"Nilidhani anadeka," mkewe anakiri.

Madaktari waliuokoa mkono, lakini kidonda kimegoma kufunga vizuri, na onyo lilitolewa bila kuzunguka: akiungua tena pale pale, mkono utakatwa. Asikaribie tanuri. Mzee Joto aliitikia ndiyo daktari, akarudi nyumbani, akakaa siku kadhaa akiutazama ukuta.

Hana kazi nyingine anayoijua. Na tajiri, mwenye kiwanda, amekuwa akitafuta sababu tu. Kwa muda mrefu amesema ataleta majiko ya gesi yenye kitufe cha kuzungusha, unaweka namba na kwenda zako kunywa chai. Wakandaji watabaki, kwa maana unga haujikandi. Wa kwanza kuonyeshwa mlango atakuwa fundi wa tanuri. Kwa umri ule, na ugonjwa ule, ni nani atakayemchukua?

Mkandaji mkuu alijaribu kumshikia nafasi. Aliingiza mkono, akafika kwenye "Shika", akautoa na kutukana tanuri na ukoo wake wote. "Mimi unga naujua kwa vidole," anajitetea. "Nikiviharibu vidole, tutakuwa wawili wa kukaa kwenye kreti."

Ndipo mkewe alipojitokeza. Hakuna aliyemwomba.

Yeye ni msusi. Mchana husuka wateja barazani kwake, na ana jina mtaani kwa mkono mwepesi. Wapo wanaopita wasusi watatu kwenda kwake kwa sababu haumizi. Alfajiri moja alimfuata mumewe kiwandani, akakunja mkono wa gauni, akasema yeye atasikia na mume atafikiri.

"Yeye ana kichwa cha kazi hii, mimi nina ngozi," anasema. "Nikaona tukiunganisha tunapata fundi mmoja mzima."

Wiki za kwanza zilikuwa taabu tupu. Mkono wake ulikuwa laini, ukikimbia kabla ya wakati. Tanuri lililo tayari aliliona kali, wakatoa mikate iliyopauka kama vitambaa vya kufutia meza. Mzee Joto ilibidi auache ufundi wake wote na kujifunza uso. Mkewe akiuma mdomo wa chini, ni kali kweli. Akikunja nyusi tu, ni woga. Akishusha pumzi puani, ni sawasawa. Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa, anasema, na alikuwa hajawahi kumtazama mkewe kwa makini namna ile.

"Maumivu yake ndiyo habari yangu," anasema. "Ni jambo baya sana kulisema. Lakini kama haumii, mimi sijui kitu."

Tajiri huja jua likiwa limeshachomoza, mikate mia sita imeshapangwa, mwanamke ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Kiwanda kizima kimekula njama ya kunyamaza. Akiuliza habari za mkono, anaambiwa unaendelea vizuri.

Mambo yalikuwa hivyo mwandishi alipofika mara ya kwanza. Alirudi baada ya wiki sita, kwa sababu picha za safari ile zilitoka na moshi mtupu, na alikuta kiwanda kimechangamka. Mkandaji mkuu alimpokea kwa habari njema: mama amekuwa fundi kamili.

Ilikuwa kweli kwa kutazama. Mwanamke alisogea bila kusita, akaingiza mkono, akaamkia kwa sauti ya utulivu. Mkono wenyewe sasa ulikuwa na mabaka yanayong'aa kuanzia ncha za vidole, mahali alipogusa tofali siku hii na siku ile. Aliwapita watu wa nyumbani. Aliwapita watoto. Uso wake haukuwa na kunyanzi hata moja. Alimaliza na wakwe, akautoa mkono taratibu, akageuka akitabasamu.

"Baba watoto, leo haijaniuma kabisa!"

Wakandaji wakapiga makofi.

Mzee Joto alimtazama. Alimtazama mdomo, nyusi, pua. Habari aliyoizoea haikuwepo. Kwa kanuni ya tanuri, mkono ukifika kwa wakwe moto ni mdogo. Akasita, kisha akaagiza kuni.

Mikate ya awamu ile ilitoka myeusi chini na juu, mingine imepasuka na kuvuja unga mbichi. Ilitupwa yote. Mkandaji mkuu alianza kusema kitu cha kuchekesha, akakiacha njiani. Mzee Joto aliokota mkate mmoja kwa mkono wa kushoto, akaugeuza, akauangalia kwa muda mrefu.

Hakumkaripia mkewe. Alimwomba tu amwonyeshe vidole, naye akavionyesha, bado hajaelewa anatafuta nini.

Alielewa mchana, barazani. Alikuwa na mteja, msichana aliyekuja kusukwa kwa ajili ya harusi ya dada yake. Mzee Joto alikuwa ameketi kando na mwandishi, akieleza mambo ya sukari na dawa. Ghafla msichana alipiga ukelele na kushika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, unaninyofoa!"

"Nimevuta?" mwanamke akauliza. "Mimi nimeshika kidogo tu, mwanangu."

"Umevuta sana. Tangu tuanze unavuta. Naona haya tu kusema."

Msusi mwenye mkono mwepesi aliangalia vidole vyake vya kushoto. Alivisugua kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Alirudia kuanzia mwanzo. Kisha aliweka mkono nyuma ya mgongo, kama mtu anayeficha kitu alichokivunja.

Muuguzi, alipoulizwa, hakutaka kusema mengi kuhusu mtu ambaye hajampima. Alisema kovu likiwa nene halisikii kama ngozi, kwa sababu nyuzi ndogo za mishipa zilizokuwa pale zimeungua. Alisema pia kwamba ubongo wenyewe unaweza kuzoea maumivu ya kila siku hadi ukaacha kuyasikiliza. "Linaweza kuwa moja, yanaweza kuwa yote mawili," alisema. "La kwanza mara nyingi halirudi. Mwambieni aje. Na mwambieni auweke mkono mbali na tanuri leo, siyo kesho."

Jioni ile Mzee Joto alizungumza na mkewe mbele ya mwandishi, pengine kwa makusudi, ili pawepo shahidi.

"Mama watoto, basi. Imetosha."

"Imetosha halafu tule nini?"

"Nitamwambia tajiri ukweli. Alete gesi yake."

"Atakufukuza siku hiyo hiyo."

"Anifukuze."

"Na dawa zako? Mimi nina mkono mwingine, baba watoto. Kesho naingiza wa kulia. Huu bado mzima."

Mzee Joto alifunika uso kwa mkono wa kushoto. Mkewe alimsogelea, akamshika ule mkono wa bendeji na kuubana kwa nguvu, na ni dhahiri alikuwa amesahau kwamba mwenzake hasikii. Baadaye akakumbuka, akaupanda mkono mpaka begani, ambako bado anasikia, na kumshika pale.

Hawakukubaliana. Mke anasema wiki mbili, mpaka wapate pa kushika. Mume anasema hakuna hata siku moja. Lakini mwenye mkono ni mke, na mlango wa kiwanda haufungwi kwa mwanamke anayekuja kuokoa riziki ya nyumba yake, na wote wawili wanajua atakwenda.

Mwandishi alimuuliza Mzee Joto kama habari hii iandikwe, maana tajiri naye husoma gazeti.

"Iandike," alisema. "Mpaka itoke nitakuwa nimeshakwenda ofisini kwake kwa miguu yangu. Nitamwambia labomolewe lile tanuri. Nimelihudumia tangu kijana, na mimi ndiye nitakayemwomba alibomoe. Gesi ikija haitahitaji mkono wa mtu."

Je, ana tumaini gani kati ya sasa na siku hiyo?

Ndani, mkewe alikuwa anatafuta mafuta ya kupaka mkono wa kulia.

"Kesho alfajiri ataingiza ule mwingine," alisema. "Sitaweza kumzuia. Namwomba Mungu kitu kimoja tu. Mkono umuume. Umuume sana, apige kelele nisikie."